Nilimuuliza kijana, akajibu mama

"Umelalaje?" nilimuuliza.

"Hajalala, sista. Amegeukageuka usiku mzima," mama yake akajibu.

"Na tumbo?"

"Linamsumbua. Jana alikula uji nusu kikombe."

Kijana mwenyewe alikuwa amekaa katikati yetu, umri miaka 24, macho kwenye simu. Miezi minne kabla ya siku hiyo alikuwa na bodaboda yake pale Kondele, analipa karo ya mdogo wake, na alikuwa amejenga simba katika boma la babake. Kwa msomaji wa mbali: simba hii haingurumi. Ni nyumba ya kijana wa Kijaluo aliyekomaa, na kuwa nayo ni kutangaza kwamba umeanza kujitegemea. Sasa walikuwa wamemtoa humo wakamlaza sebuleni kwa mama "ili tumwangalie vizuri". Kwa mila zetu, mwanamume mzima kulala nyumba ya mamake ni jambo la kuona haya.

"Mama, samahani kidogo, naomba nimsikie mwenyewe."

Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema: "Sijui, sista. Muulize tu mathe."

Jibu hilo ndilo limenikalisha kuandika leo. Mimi ni muuguzi wa saratani hapa Kisumu, baadaye nikasomea ushauri nasaha. Nimebadilisha mambo madogomadogo ya wagonjwa ninaowasimulia ili wasitambulike. Kisa cha mama kujibu sikuhitaji kukibadilisha, maana hutokea karibu kila wiki.

Wataalamu wa saratani huwaweka vijana katika fungu lao, kuanzia miaka 15 hadi 39. Ni fungu la watu wasio na pa kukaa. Wodi ya watoto ina picha za twiga ukutani. Kliniki ya watu wazima, benchi limejaa akina mama wa rika la nyanya zao, wanaowaita "mtoto" na kuwaombea kwa sauti. Lakini benchi si hoja. Hoja ni kwamba ugonjwa huu humkuta mtu akiwa mlangoni, anatoka mikononi mwa wazazi kuingia mikononi mwake mwenyewe, halafu unamvuta ndani tena. Amelipiwa, ameogeshwa, amejibiwa maswali. Sisi hospitalini tunasaidia kumvuta, kwa sababu kuzungumza na mama ni rahisi zaidi.

Safari ya kijana huyo ilianza na uvimbe shingoni, usiouma. Kisha jasho la usiku la kulowesha shuka, kilo zikapungua. Alianzishiwa dawa za TB. Siwalaumu sana waliofanya hivyo. Dalili ni zilezile, na TB huku tunayo kwa wingi. Lakini mwezi wa tatu uvimbe ulikuwa umeongezeka, na hapo ndipo ilipotakiwa tezi itolewe na kupelekwa maabara. Sindano nyembamba peke yake mara nyingi haitoshi kutambua limfoma, yaani saratani ya tezi. Mpimaji anahitaji tezi nzima au kipande cha kutosha ili aone jinsi seli zilivyopangana. Matokeo yalisema limfoma ya Hodgkin, ugonjwa unaowapenda sana vijana, na kwa bahati ni miongoni mwa saratani zinazopona vizuri zaidi zikitibiwa.

Nyumbani kulikuwa na matokeo mengine: chira. Neno hili huwezi kulitafsiri kwa "laana" ukamaliza. Ni madhara yanayomfuata mtu, au uzao wake, kwa sababu mwiko fulani ulivunjwa, na dalili yake kubwa ni mtu kukonda bila sababu inayoonekana. Ukiangalia mgonjwa wa limfoma, unaona kwa nini wazee walifikia hapo. Sijawahi kushinda mjadala wa chira na siku hizi sijaribu. Huuliza tu kinachotakiwa kufanywa, na kama hakicheleweshi dripu, kifanywe. Kama kuna mitishamba ya kunywa, naomba niambiwe, kwa sababu ini linalochuja kemo, yaani dawa za saratani, ni hilohilo litakalochuja mitishamba. Kinachonisumbua ni kwamba wazee walikaa kikao cha kutafuta mwiko ni upi na nani aliuvunja, na mshtakiwa hakualikwa. Alisikia hukumu yake kupitia dirishani.

Tiba aliyopewa ni mseto wa dawa nne unaoitwa ABVD. Ukiwa wa mizunguko 6, ni dripu 12, moja kila wiki mbili, takriban nusu mwaka. Moja ya dawa hizo, doksorubisini, ni nyekundu kama juisi ya rozela, na mkojo hutoka mwekundu siku ya kwanza au ya pili. Mwambieni mgonjwa mapema. Nimewahi kupigiwa simu saa nane usiku na mtu aliyeamini anakojoa damu.

Hapo nataka uweke sheria ya kazi kando ya dripu hizo 12. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi, kwa kiwango cha chini kwa mwaka, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara. Msichana mmoja niliyemhudumia, mhudumu wa duka la jumla, alizimaliza kabla ya mzunguko wa tatu. Mwenye bodaboda hana hata hizo.

Sasa kuhusu homa. Huku kwetu homa jina lake la kwanza ni malaria, na mtu huenda duka la dawa kabla hata ya kupiga simu. Kwa anayepewa kemo, kuanzia kama siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dripu, seli nyeupe za damu huwa zimeshuka, na joto la nyuzi 38 ni dharura ya usiku huohuo. Usimeze panadoli usubiri asubuhi. Panadoli hushusha namba kwenye kipimajoto, na maambukizi yanaendelea damuni. Nilimpa kijana wetu kipimajoto mkononi, mbele ya mama yake, nikamwambia kazi hiyo ni yake, apime na kuandika asubuhi na jioni. Mama alinyoosha mkono kukichukua. Nilijifanya sijaona. Kijana alikitia mfukoni.

Kuna swali ambalo haliulizwi mama akiwa chumbani, nalo ni la watoto. Nalisema kwa uchungu kwa sababu nililikosea mwenyewe. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, katika hospitali nyingine, tulimtibu kijana mmoja kwa dawa kali zilizokuwa na siklofosfamaidi kwa wingi. Alikuwa hajaoa. Alikuwa mgonjwa sana, mama yake alikuwa akilia, na sisi sote tuliona aibu kutaja mambo ya mbegu za kiume mbele yake. Akapona. Miaka mitatu baadaye alirudi na mke wake, wamekaa wawili wameshikana mikono, akaniuliza kwa nini hapati mtoto. Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza. Hakunikasirikia. Alisema tu, "Mngeniambia, ningeuza ng'ombe."

Ng'ombe huyo ananifuata mpaka leo. Kwa hiyo sasa, kabla ya dripu ya kwanza, namwomba mama aende akanunue maji, kisha nafunga mlango na kusema wazi. Mbegu za kiume zinaweza kugandishwa katika naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, zikakaa miaka mingi. Lazima itangulie kemo, si baada ya mzunguko wa pili mtu akishazoea. Kliniki zenye huduma hiyo ziko Nairobi hasa, na wote niliowaona wakienda walilipa kutoka mfukoni. Kwa mwanamke, kutoa na kugandisha mayai huchukua kama wiki mbili na gharama ni kubwa zaidi. Wapo wanaopewa sindano ya goserelini kila mwezi ili ovari zilale wakati wa kemo, hasa wenye saratani ya matiti. Husaidia kiasi, lakini si kinga kamili. Na si kila dawa ina madhara sawa. ABVD huwaacha wengi na uwezo wao wa kuzaa, habari ambayo kijana wetu aliipokea kwa kuinua uso kutoka kwenye simu kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo bado naweza kuwa na boma langu?"

Nikamwambia kwa kiasi kikubwa ndiyo, na kwamba katika miezi hii ya dripu asipate mtoto, kwa hiyo kondomu. Alicheka. Mama aliporudi na maji alitukuta tunacheka na hakuuliza.

Ya fedha nitayapitia haraka, maana yanajulikana na yanachosha. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kilianza na shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na 150,000 juu yake kutoka mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Viwango hupitiwa upya, uliza dirishani kabla ya kila mpango. Kijana kama huyu, aliyemaliza shule, hujisajili kwa jina lake. Serikali imemkubali kuwa mtu mzima kabla ya familia yake! Kisha kuna mchango. Kikundi cha WhatsApp kilifunguliwa na binamu, na picha ya kijana wetu akiwa kitandani, bila nywele, ikazunguka hadi kwenye stendi ya bodaboda. Hakuna aliyemwuliza ni picha gani itumike. Pesa zilikuja, na zilihitajika. Lakini mwanamume anayejua abiria wake wote wameona mbavu zake haendi stendi hata siku anazojisikia vizuri.

Tuna kikundi cha vijana, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kilikaribia kufa mwaka wake wa kwanza, na kosa lilikuwa langu: nilikuja na mada, nikabandika karatasi ukutani, nikawaita mashujaa. Siku moja msichana mwenye lukemia, saratani ya damu, aliniambia, "Sista, mimi si shujaa, nimechoka tu." Tukahamia Dunga, ufukweni, tukaagiza samaki (kachumbari huachwa na walio katika wiki ya seli nyeupe kushuka), na mada sikuleta tena. Wanazungumza kuhusu wapenzi waliokimbia, mwaka wa chuo ulioahirishwa, mkopo wa simu. Mara nyingi nafasi yangu ni kulipia soda.

Na kusudi? Neno hilo wanaletewa wiki ya kwanza: "Mungu ana kusudi na hili." Mimi ni mtu wa kanisa, na bado naomba tulicheleweshe. Pale hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, daktari wa akili William Breitbart na wenzake walitengeneza tiba ya mazungumzo inayolenga maana ya maisha, vikao 8 vya kikundi, mwanzoni kwa wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imesambaa. Ni kazi ninayoiheshimu, ila vikao 8 mfululizo kwa mtu wa nauli ya kuokoteza ni ndoto. Nimebaki na swali moja, la kwangu mwenyewe: ni kitu gani kitasimama usipokifanya wewe?

Msichana wa lukemia alisema ni nywele za mdogo wake. Hakuna mwingine nyumbani aliyejua kusuka. Alimsuka mpaka vidole vikakataa, kisha akakaa nyuma yake akimwelekeza jirani wapi pa kugawa. Alifariki mwezi uliofuata. Yule mtoto alikuja mazishini na mistari iliyonyooka.

Kijana wetu alifikiri sana. Kisha akasema ni daftari. Alikuwa mweka hazina wa chama cha akiba cha stendi, watu 16, na walipomwona anaumwa walimpa mwingine daftari "apumzike". Jambo hilo, alisema, lilimuuma kuliko kupoteza nywele. Tulikaa na mama yake, na kwa mara ya kwanza kijana ndiye aliyeongea, akamwomba vitu viwili: arudi kulala kwenye simba yake, na apelekwe stendi Jumapili. Mama alilia kidogo, akauliza nani atamsikia akiugua usiku. Wakakubaliana mdogo wake alale naye huko, simu ikiwa karibu. Chama kilimrudishia daftari bila maneno mengi. Mweka hazina wa muda, inasemekana, alikuwa anakosea hesabu.

Juzi alikuja kwa dripu ya tisa. Mama alikuja pia, akabaki nje kwenye benchi.

"Umelalaje?" nikamuuliza.

"Vibaya, sista. Kuna wawili hawajalipa ya wiki iliyopita, na mmoja amezima simu."