Bushi za mbele za Hilux ya zamani: yasemwayo gereji na ukweli wake

Hilux za kabla ya Vigo, toleo lililoanza 2004, bado zinabeba saruji, mahindi na watu kila kona, na nyingi zinatembea bushi za wishboni za mbele (mikono ya chuma inayounganisha gurudumu na chesisi) zikiwa zimekwisha. Dalili zake ni zilezile: ukikanyaga breki stelingi inavuta upande, tairi zinaliwa ukingo mmoja, na ukiingia kwenye rasta, vile vimatuta vilivyofuatana barabarani, mbele inagonga kana kwamba kuna kitu kimesahaulika kufungwa. Hapa nazungumzia zile zenye wishboni na tosheni baa, fimbo ya chuma inayonyongwa badala ya springi ya kawaida. 4x4 zenye ekseli nzima na springi za bapa mbele bushi zake zinakaa kwenye springi, na hiyo ni kazi nyingine.

Watu wengi huichukulia bushi kama beringi, kitu kinachozunguka na kutaka mafuta. Sivyo. Bushi ya kiwandani ni vibomba viwili vya chuma, kidogo ndani ya kikubwa, na katikati yake mpira. Cha nje kimeshindiliwa kwenye tundu la wishboni, cha ndani kimebanwa na bolti pale kwenye chesisi. Hakuna kinachotakiwa kuteleza. Wishboni ikipanda na kushuka, mpira wenyewe unajinyonga na kurudi. Asiyelijua hilo atakosea karibu kila hatua inayofuata.

“Zikilia, puliza oili chafu”

Pale car wash ukilipia kidogo juu yake wanakupulizia oili chafu iliyochanganywa na dizeli chini ya gari. Kelele zinanyamaza kweli, kwa siku chache. Lakini mpira na mafuta ya jamii ya petroli haviivani: mpira unavimba, unalainika, kisha unachanika. Grisi ya kawaida nayo ni hivyohivyo. Bushi ya mpira inayolia mara nyingi imeshaachia chuma chake na inasuguana mahali isipopaswa, kwa hiyo mafuta yanaficha ugonjwa huku yakiuongeza.

“Kaza kila kitu gari likiwa juu, ndiyo rahisi”

Dhana hii ndiyo inayoua bushi mpya kuliko zote, na huioni, kwa sababu kazi inaonekana safi kabisa. Bushi zimeingizwa na presi, gari liko juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, fundi amelala chini anavuta spana mpaka bolti inalia. Anashusha gari, analipwa, kwaheri.

Angalia kilichotokea ndani. Wishboni ilipokuwa inaning'inia, kibomba cha ndani kilibanwa kwenye chesisi katika mkao huo wa kuning'inia. Gari liliposhuka, wishboni ilipanda, kibomba cha ndani kikabaki pale kilipobanwa. Ikiwa tofauti ya mikao hiyo miwili ni nyuzi 15, basi mpira umeshanyongwa nyuzi 15 hata kabla gari halijatoka getini, na utabaki hivyo mchana na usiku, likiwa limeegeshwa. Kila shimo linaongeza juu ya hapo. Mpira unachanika kabla ya wakati wake, mwenye gari anarudi dukani kugombana kwamba ameuziwa feki. Feki zipo nyingi, sibishi, lakini bushi halisi ikifungwa hivyo nayo haifiki mbali.

Utaratibu wenyewe hauna uchawi. Ingiza bolti, nati zikae kwa mkono tu na spana kidogo. Funga magurudumu, shusha gari, lisukume mbele na nyuma, likandamize bampa mara kadhaa mpaka likae kwenye kimo chake. Hapo ndipo unaingia chini na kukaza mpaka mwisho, uzito wote ukiwa kwenye tairi. Gereji yenye shimo haina kisingizio. Isiyo na shimo, panda gari kwenye mbao nene zilizopangwa vizuri na uweke kabari. Ikishindikana kabisa, pima kabla ya kufungua: kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi ni sentimita ngapi? Wakati wa kukaza, weka jeki chini ya wishboni ya chini upande wa gurudumu, inua mpaka kipimo kilekile kirudi, stendi zikiwa bado zimelishika gari.

Hapa Hilux ya tosheni baa ina mtego wake. Kimo cha mbele kinarekebishwa kwa bolti ya tosheni baa, na vijana wanapenda kuikaza ili pua isimame. Ukiinua kimo baada ya kukaza bushi, umezinyonga upya. Kwanza kimo, bushi baadaye.

“Tosheni baa ni fimbo tu, ichomoe”

Ni springi, na imejaa nguvu. Kabla ya kugusa wishboni, pima urefu wa nyuzi (ile misokoto) zilizojitokeza kwenye bolti yake ya kurekebishia, weka alama ya rangi pale fimbo inapoingia kwenye mkono wake, kisha uilegeze taratibu mpaka mzigo uishe. Kushoto na kulia zisibadilishane, kila moja imeshazoea kunyongwa upande wake. Anayefungua boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika gurudumu kwenye wishboni) bila kulegeza tosheni baa na bila jeki chini ya wishboni anahatarisha mikono yake na uso wake.

“Nyundo inatosha”

Kutoa bushi nzee kwa nyundo inawezekana, hasa ukikata kibomba cha nje kwa msumeno wa chuma bila kulijeruhi tundu. Kuingiza mpya kwa nyundo ndiyo balaa: ukingo wa bushi unapinda, na wishboni za bati zinajikunja ukizigonga bila kuzikinga kati ya kuta zake mbili. Presi ya haidroliki, au bolti ndefu na kipande cha bomba linaloshika ukingo wa nje tu, inamaliza kazi kwa utulivu. Kuchoma mpira kwa moto kunaharakisha, lakini moshi wake si wa kuvuta, na ukifanya hivyo boljointi ikiwa bado kwenye wishboni, umeshaiua.

“Weka poliurethani, hutabadilisha tena”

Poliurethani, aina ya plastiki inayotumika badala ya mpira, ni ngumu, haisumbuliwi sana na mafuta, na mara nyingi unaiingiza bila presi. Lakini yenyewe hainyongeki kama mpira, inazunguka kwenye kibomba chake, kwa hiyo hii ndiyo inayotaka kilainishi, kile cha silikoni kinachokuja nayo. Vumbi na matope vikiingia, inaanza kulia. Mtikisiko wa barabara nao unafika kwenye chesisi na mikononi mwako zaidi. Kwa gari la shamba linalokaa kwenye rasta kutwa nzima, mimi ningebaki na mpira mzuri. Bushi za kuchongwa kwenye tairi chakavu hazina hata kibomba kilichoshikana na mpira. Zinakufikisha nyumbani, basi.

“Ikigonga mbele ni bushi”

Si lazima. Bushi za shokapu, za stabilaiza, tai rodi na boljointi zote hugonga. Tia mtarimbo kati ya wishboni na chesisi, sukuma, uone mpira unavyokwenda. Nyufa ndogo za juu juu si kesi. Mpira ulioachana na chuma, au kibomba kilichohama kutoka katikati, ndiyo kesi. Boljointi ikaguliwe kabla ya yote, maana bushi mbovu itakula tairi, boljointi ikichomoka gurudumu linalala.

“Alaimenti itanyoosha”

Mashine ya alaimenti, yaani ya kupanga mwelekeo wa magurudumu, inapima gari lililosimama. Bushi iliyolegea inasogea ukikanyaga breki, kwa hiyo namba zinaweza kutoka nzuri na gari likaendelea kuvuta. Alaimenti inakuja baada ya bushi mpya, si badala yake. Na kabla ya kufungua, piga alama kwa patasi kwenye kemu (visahani vya kurekebishia) za bolti za wishboni ya chini, au hesabu shimu (vibati vyembamba vya kujazia) za kila bolti ya wishboni ya juu na uzifunge kwa waya mafungu tofauti, kutegemea gari lako lina ipi. Usipofanya hivyo, unaweza kulipeleka kwenye alaimenti likiwa limepinda kiasi kwamba tairi zinalalamika njiani.