Frii ya mlima wa Lushoto, na imani nyingine za madereva zinazonichosha

Likizo ikikaribia, watu wakianza kupanga safari ya kupanda Lushoto kusalimia wazee, lazima atokee mmoja wa kuniambia: "Mwalimu, kwenye kushuka mimi naweka frii tu. Mafuta ya bure yale." Nafundisha udereva hapa Tanga mjini, na wanaonipa shida si wale wanaoshika usukani kwa mara ya kwanza. Ni wenye leseni ya miaka mingi waliokuja kuongeza daraja. Huyo ukimwambia frii, yaani kutoa gia na kuacha gari literemke lenyewe, haiokoi mafuta, anakutazama kwa huruma.

Basi tuanze na mafuta yenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayomfanya asisikie kingine. Gari la EFI, yaani karibu kila gari dogo tunaloendesha sasa, lina kompyuta inayoamua nozeli zinyunyize kiasi gani. Ukiteremka ukiwa ndani ya gia, mguu umeutoa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Kompyuta inaona mizunguko iko juu na mguu haupo, inafunga nozeli. Matumizi ni sifuri. Ukiweka frii, injini haina wa kuizungusha, hivyo kompyuta lazima iendelee kuilisha isije ikazima. Injini ya gari dogo ikiunguruma tu namna hiyo inakunywa kama nusu lita hadi lita moja kwa saa. Kwa hiyo kutoka Lushoto hadi Mombo, anayekunywa mafuta ni yule wa frii, na aliye kwenye gia ya pili ndiye anayeteremka bure.

Enzi za kabureta hesabu ilikuwa nyingine, maana kabureta haikuwa na akili ya kufunga. Injini ikizungushwa na magurudumu iliendelea kuvuta mafuta. Imani ilitoka huko, na baba akamrithisha mwana pamoja na ufunguo. Wa dizeli nao wasinibishie: hata pampu za zamani zina gavana, kifaa kinachokata mafuta mguu ukitoka na mizunguko ikiwa juu.

Ila mafuta ndiyo madogo. Lushoto iko juu ya Mombo kwa karibu mita 1,000, na barabara inazitelemka zote hizo ndani ya kilomita thelathini na ushee, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 1,000, nguvu inayotakiwa kumezwa na kitu fulani ili lisiongeze mwendo inatosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji. Upepo unameza kidogo. Ukiwa kwenye gia ndogo, injini inameza sehemu kubwa. Ukiwa kwenye frii, mzigo wote unabaki kwenye pedi na diski zako nne, au brekishuu kwa magurudumu ya nyuma.

Pedi zikipata moto kupita kiasi zinapoteza mshiko: unakanyaga, pedeli ni ngumu vilevile, gari halipungui. Kuna kibaya zaidi, nacho ni mafuta ya breki kuchemka. Aina inayoitwa DOT 3 ikiwa mpya kabisa huchemka kuanzia nyuzi 205. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yakishalowa kiwango kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Sisi tunaishi pwani, unyevu tunao wa kugawa. Niulize ni wangapi wamebadilisha mafuta ya breki ndani ya miaka miwili, nami nitakuuliza ni wangapi wanajua yanabadilishwa. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hubonyea. Hapo pedeli inakwenda hadi chini bila kukuta kitu.

Wapo pia mabingwa wanaozima injini kabisa. Sevo ya breki, kifaa kinachouongezea mguu wako nguvu, inategemea injini. Ikizima, unabakiwa na mikanyago miwili mitatu yenye msaada, kisha breki inakuwa nzito kama ukuta. Usukani nao unakuwa mzito. Ukirudisha ufunguo nyuma zaidi, usukani unajifunga, nawe uko kwenye kona ya Soni.

Namna ya kushuka haina siri. Ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, siyo ukishakolea mwendo. Gia uliyohitaji kupandia ndiyo ya kuteremkia, au ndogo zaidi. Kwenye otomatiki usibaki D: zima O/D (gia ya juu kabisa), au shusha 2, na penye mteremko mkali sana L. Injini italia. Iache ilie, mradi mshale haujafika kwenye nyekundu. Haifi kwa hilo. Breki kanyaga kwa uhakika, punguza mwendo, kisha achia zipoe. Usiweke mguu juu yake kidogo kidogo kutoka juu hadi chini, kwa sababu hapo ndipo zinapoiva.

Ukinusa harufu ya kuungua, simama mahali pa wazi, subiri. Na tafadhali, yule kijana anayekuja mbio na ndoo ya maji amwagie rimu, mzuie. Diski ya moto ikipigwa na maji ya baridi hupinda au hupasuka.

Nimeyasema hayo kwa urefu maana yananikera kuliko mengine. Yaliyobaki hayahitaji maneno mengi.

"Nawasha hazadi kuonyesha naenda moja kwa moja." Hili hulisikia zaidi kwa wanaoendesha Ngamiani, hapa mjini, ambako kila ukivuka barabara moja unakutana na nyingine. Dereva aliye kushoto kwako haoni indiketa mbili zikiwaka pamoja, anaona ya upande wake tu, na anaelewa unakata kushoto. Anaingia, mnakutana katikati. Unakwenda moja kwa moja? Usiwashe kitu. Hazadi ni ya gari lililosimama pabaya.

"Lori likinipa indiketa ya kushoto, njia ni nyeupe." Mtindo huu umezoeleka sana nyuma ya malori ya saruji kati ya Pongwe na Segera. Indiketa hiyohiyo ni ya mwenye lori anayetaka kukata kushoto, au anayesogea kumkwepa mwenye baiskeli usiyemwona. Na hata kama kweli anakuruhusu, yeye hajui gari lako lina nguvu kiasi gani. Ovateki kwa macho yako, la sivyo baki nyuma.

"Ajali ni kazi ya Mungu." Hadithi ya yule aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga, akaambiwa amfunge kwanza ndipo amtegemee Mungu, naijua, na wanaoniambia maneno haya wanaijua kunishinda. Tuendelee.

"Mtoto nitampakata mwenyewe." Gari likigota ghafla kwenye mwendo wa 50, mtoto wa kilo 10 anavuta kwenda mbele kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100. Hakuna mikono ya mama wala ya baba inayoshika hivyo. Kujifunga naye kwenye mkanda mmoja ni vibaya zaidi, maana mwili wako ndio utakaombana. Mtoto akae kiti cha nyuma, kwenye kiti chake cha kufungwa.

"Nikisikia usingizi nafungua kioo na kupandisha redio." Upepo unakuamsha kwa dakika chache tu. Kwenye mwendo wa 80, macho yakifumba kwa sekunde tatu umeshakwenda zaidi ya mita 60 bila dereva. Dawa ya usingizi ni usingizi: ingia kituo cha mafuta Korogwe au Mkata, laza kiti, lala dakika 20. Kahawa inywe kabla ya kujilaza, kwa kuwa inachukua kama nusu saa kushika, na ukiamka utakuta iko karibu kuanza kazi.