Kwa nini tovuti yako ni ya 3 kwako, na shemeji haioni kabisa?

Mwenye duka la mabati Mwanza anaandika "bei ya mabati" kwenye Google na kuikuta tovuti yake ya tatu. Anampigia shemeji yake aliyeko Nairobi ajionee. Shemeji anashuka hadi mwisho wa ukurasa, haioni. Nani yuko sahihi?

Wote wawili. Google haina orodha moja iliyobandikwa ukutani. Kila mtu anapouliza, foleni hupangwa papo hapo, na mahali alipo, lugha anayotumia na aina ya kifaa chake vyote huingia kwenye hesabu. Tangu Oktoba 2017, hata ukiandika google.co.ke ukiwa Mwanza, unapewa majibu ya Tanzania. Kufungua hali fiche (incognito, dirisha la kivinjari lisilotumia akaunti yako) hakusaidii sana: historia ya akaunti yako inawekwa kando, lakini Mwanza bado ni Mwanza.

Maneno nayo yana foleni zake. "Bei ya bati", "mabati bei gani" na "bati migongo mipana" zinaweza kukupa nafasi tatu tofauti kabisa. Kiswahili chetu hakirahisishi kazi: anayeandika "paa" anataka kuezeka nyumba, au anamtafuta yule mnyama wa porini?

Kinachowachanganya watu zaidi, kwa maoni yangu, ni ile namba inayoitwa nafasi ya wastani katika ripoti ya Search Console, huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi tovuti yake inavyoonekana kwenye majibu. Tuseme wiki iliyopita tovuti ilionekana mara 10, zote katika nafasi ya 2. Wastani ni 2. Wiki hii imeonekana tena mara 10 katika nafasi ya 2, na juu ya hizo, neno jipya limeiingiza mara 30 katika nafasi ya 10. Piga hesabu: 20 na 300 ni 320, gawa kwa 40, unapata 8. Ripoti inasema umeporomoka kutoka 2 hadi 8, wakati hujapoteza hata mteja mmoja. Umeongeza watazamaji. Na hiyo nafasi ya 8 hakuna aliyekuona hapo!

Kutikisika kwenyewe si jambo geni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Google ilipokuwa ikisasisha faharisi yake, yaani hifadhi ya kurasa inazotafutia majibu, takriban mara moja kwa mwezi, nafasi ziliyumba kwa siku kadhaa hadi wenye tovuti wakaliita tukio hilo dansi ya Google. Siku hizi faharisi husasishwa mfululizo, na mara kadhaa kwa mwaka Google hutangaza mabadiliko makubwa ya mfumo wa kupanga majibu, ambayo huweza kuchukua wiki mbili au zaidi kuenea kote. Ukipima katikati ya kipindi hicho, leo na kesho hazifanani.

Kwa hiyo yule wa Mwanza aichuje ripoti kabla ya kumlaumu fundi wake wa tovuti: neno moja, Tanzania pekee, simu pekee, siku 28 dhidi ya 28 zilizotangulia. Kama hata hapo ameshuka, basi ameshuka kweli, na sasa ndipo inafaa kulitafuta neno lile na kuangalia ni duka gani limempita, na ukurasa wake unaeleza nini ambacho wa kwake hauelezi. Pengine wenzake wameandika bei, yeye ameandika "piga simu".