Kilemba hakipigi kinanda

Juzi tena. Tuko studio tunasubiri umeme urudi, kijana wa gita anaperuzi simu, anakutana na picha ya Korla Pandit, mpiga kinanda wa zamani wa televisheni ya Marekani, na kile kilemba chenye kito kwenye paji la uso. "Si ndiye yule Mhindi feki? Walewale akina Milli Vanilli, hawana kipaji."

Nimechoka kulisikia hili.

Milli Vanilli nawamaliza haraka. Kundi la vijana wawili, Rob na Fab, walicheza na kupendeza. Walioimba ni wengine, prodyuza Frank Farian akawaficha. Tuzo ya Grammy waliyopewa Februari 1990 ilifutwa Novemba mwaka huohuo. Hao waliazima koo.

Pandit yeye aliazima asili. Jina lake John Roland Redd, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Missouri, 1921. Los Angeles aliyoikuta ilikuwa na vyama viwili vya wanamuziki, Local 47 cha wazungu na Local 767 cha weusi, na havikuungana hadi 1953. Kazi zenye hela zilikuwa upande gani, malizia mwenyewe. Ndiyo maana kabla ya Uhindi alipitia Umeksiko, akijiita Juan Rolando. Mtu asiyejua kupiga angehangaika hivyo ili iweje?

Mwaka 1949 akapata kipindi KTLA, kituo cha televisheni cha Los Angeles. Hasemi neno, anatazama kamera tu. Watu wanaishia kwenye macho. Tazama mikono, jamani! Mara nyingine mmoja uko kwenye piano, mwingine kwenye Hammond, kinanda cha umeme, kwa wakati mmoja. Asiyepiga ataona ni mbwembwe. Piano ukiigonga, sauti inakufa yenyewe, na ukigonga kwa nguvu inapaza. Hammond haijali nguvu ya kidole: sauti inabaki palepale mpaka uinue, kupaza na kupunguza ni kazi ya mguu. Kwa hiyo mkono mmoja unagonga, mwingine unatambaa, ukibadilisha kidole kabla cha kwanza hakijaachia, la sivyo wimbo unakatika vipande. Mimi napigia harusi na kanisani miaka yote hii, nimejaribu, mkono wa kushoto ukaanza kugonga kama wa kulia. Nikafunga kinanda nikaenda kunywa chai.

Kinachonikera mimi ni kingine. Alijitangaza mtoto wa Mbrahmini, tabaka la makuhani wa Kihindu, wa New Delhi, akauza India ya kwenye kasha la uvumba, na Mhindi halisi mwenye kinanda chake sijui angefunguliwa mlango gani. Tena kipindi kiliisha, yeye akaendelea na kilemba mpaka anakufa 1998. Ukweli ulichapishwa 2001. Ndugu zake walijua, wakanyamaza. Ningekuwa mmoja wao, sina hakika ningeweza.

Na kuna jingine ambalo kijana wa gita sikumwambia. Video yake ya kwanza niliyoifungua, sikuifungua kwa sababu ya kinanda. Nilivutwa na kilemba.