Serikali ikiwa na hisa, mazingira yako salama?

Dhana potofu: Serikali ikiwa mwanahisa, kampuni haithubutu kuchafua.

Tazama Volkswagen. Jimbo la Niedersachsen, Ujerumani, lina asilimia 20 ya kura na viti viwili katika bodi ya usimamizi, kimoja kikikaliwa na waziri mkuu wa jimbo. Pamoja na hayo, magari ya dizeli yapatayo milioni 11 yaliuzwa yakiwa na programu iliyotambua gari linapopimwa moshi: wakati wa kipimo hewa chafu inapungua, barabarani inarudi palepale. Waliotangaza udanganyifu huo Septemba 2015 ni mamlaka ya mazingira ya Marekani, ambayo haikuwa na kiti katika bodi hiyo.

Mimi sishangai. Volkswagen ndiyo inayoulisha mji wa Wolfsburg, yalipo makao yake makuu jimboni humo, na mwanasiasa akiketi kwenye bodi huwaza kwanza ajira, maana wafanyakazi wale ndio wapiga kura wake.

Dhana potofu: Basi hisa chache hazina kazi.

Zina kazi. Asilimia 20 hizo zinatosha kukwamisha maamuzi makubwa ya Volkswagen, kwani yanahitaji zaidi ya asilimia 80 ya kura. Mfuko wa serikali ya Norway nao, ambao humiliki vipande vidogo vya maelfu ya makampuni, ulitangaza mwaka 2009 kuuza hisa zake za Barrick Gold kwa sababu ya taka za mgodi wa Porgera, Papua New Guinea, zilizokuwa zikimwagwa mtoni. Mfuko huo una miongozo ya maadili iliyoandikwa, na baraza la kuchunguza nani anaikiuka.

Norway hiyohiyo ina takriban theluthi moja ya Norsk Hydro. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilikiri kwamba kiwanda chake cha Barcarena, Brazil, kilimwaga mtoni maji ya mvua yasiyosafishwa. Amri ya kukata uzalishaji kwa nusu ilitoka Brazil.

Dhana potofu: Asilimia 16 za serikali yetu ya Tanzania ndani ya Twiga, kampuni ya ubia ya madini, zitailinda mito ya Tarime.

Mei 2019 NEMC, baraza la taifa la kusimamia mazingira, iliutoza mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioko Tarime faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa bwawa la tope sumu lililovuja. Wakati huo serikali haikuwa na hisa mgodini. Ubia wa Twiga na Barrick (ndiyo, ileile) ulikuja baadaye. Leo faini kama hiyo ingemega pia gawio la Hazina, refa akiwa na jezi ya timu mojawapo. Ningeuliza kwanza NEMC ina wapimaji na maabara kiasi gani, hisa baadaye.