Kompyuta kuu za dunia: kwanza natazama safu ya umeme

Kila Juni na kila Novemba inapotoka TOP500, orodha ya kompyuta 500 zenye kasi kubwa duniani, swali ninaloulizwa ni lile lile: nani kashika namba moja? Tangu Novemba 2024 ni El Capitan, mashine ya maabara ya Lawrence Livermore huko California, iliyoingia orodhani na eksaflopu 1.742. Eksaflopu moja ni hesabu za desimali bilioni mara bilioni kwa sekunde. Kazi yake kubwa, kwa wasiojua, ni kuchunguza kwa hesabu silaha za nyuklia ambazo Marekani haizilipui tena kwa majaribio.

Mimi huanza na safu ya umeme, inayoonyesha kila mashine inakula umeme kiasi gani. Mwaka 2020 Fugaku ya Kobe, Japani, iliongoza kwa petaflopu 442 (petaflopu elfu moja ni eksaflopu moja) huku ikila megawati 29.9. El Capitan ilipopimwa ilikula megawati 29.6. Umeme ni ule ule, hesabu karibu mara nne, ndani ya miaka minne. Hayo kwangu ndiyo maendeleo, kuliko kombe la namba moja.

Umeme ndio uliotuchelewesha kufika eksaflopu. Teraflopu ya kwanza (elfu yake ni petaflopu) ilipatikana kwa ASCI Red mwaka 1997, petaflopu kwa Roadrunner mwaka 2008: miaka 11. Kutoka hapo hadi eksaflopu ya Frontier, mwaka 2022, ikawa miaka 14. Zamani transista, swichi ndogo za ndani ya chipu, ikipunguzwa ukubwa, volteji nayo ilishuka, kwa hiyo prosesa iliweza kuongezwa kasi bila kuwaka joto. Katikati ya miaka ya 2000 neema hiyo ikakauka, na kasi ya prosesa moja ikagota kwenye gigahezi chache. Ikabaki njia moja tu, kurundika vitengo vingi vifanye kazi kwa pamoja, na kila kitengo kinadai umeme wake. Ndiyo maana chipu za michoro (GPU) zimetawala: zina maelfu ya vitengo vidogo, vya polepole, visivyo na makuu.

Sasa, hizo eksaflopu zinapimwaje? Mashine hupewa mfumo mmoja mkubwa wa milinganyo, wenye mamilioni ya namba zisizojulikana, iutatue. Kipimo hicho kinaitwa HPL, na kina upendeleo: namba ikishaletwa kwenye prosesa hutumika mara nyingi kabla ya kurudishwa. Kazi zetu za utabiri wa hali ya hewa haziko hivyo. Namba inaletwa, inajumlishwa mara mbili tatu, inaondoka. Prosesa inakuwa fundi mwashi hodari aliyekaa juu ya jukwaa akimsubiri saidia fundi alete tofali.

Jack Dongarra, mmoja wa waanzilishi wa TOP500, aliliona hilo, akashirikiana na wenzake kutunga kipimo kingine, HPCG, kinachofanana zaidi na kazi zetu. Hapo El Capitan hupata petaflopu 17.4. Ndiyo, asilimia 1 ya zile ilizotangaziwa. Fugaku, isiyo na chipu ya michoro hata moja, hupata 16, kwa kuwa kumbukumbu yake ya kasi imebandikwa ubavuni mwa prosesa. Mashine iliyozinduliwa 2020 ilishika usukani wa HPCG hadi Juni 2025! Mtu akinipa fedha za kununua kompyuta, orodha hii ndiyo nitakayoisoma kwanza.

Orodha yenyewe ina mapengo pia. China, iliyoongoza kwa Tianhe-2 na baadaye Sunway TaihuLight, imeacha kupeleka mashine zake mpya kubwa. Na kampuni za akili mnemba zinajenga mabanda ya chipu laki moja bila kujali kupimwa.

Hao wa akili mnemba ndio wanaonipa mawazo zaidi, maana wao ndio wateja wakubwa. Wanataka hesabu za biti 8, hata biti 4 (biti zikipungua, namba hupoteza usahihi lakini hesabu huenda haraka), na watengenezaji wanawafuata. Nafasi ya hesabu sahihi zaidi, za biti 64, kwenye chipu inabanwa. Sisi tumeanza kuzoea. Mwaka 2021 kituo cha utabiri cha Ulaya, ECMWF, kilihamisha utabiri wake kutoka biti 64 hadi biti 32 bila kupoteza ubora, na nguvu iliyookolewa ikatumika kuongeza tabaka za anga katika utabiri wa makundi, yaani utabiri mmoja unaorudiwa mara nyingi kwa tofauti ndogo, kutoka 91 hadi 137. Kuna pia mbinu ya Ozaki, ya kuikata namba ya biti 64 vipande vidogo, kuvizidisha kwenye vitengo vya akili mnemba, kisha kuvijumlisha. Kwa kuzidisha matriki makubwa, yaani majedwali ya namba, inafanya kazi vizuri sana. Kwa modeli ya mvua, ambayo foleni yake iko kwenye kumbukumbu, haipunguzi hata dakika.