Ini la mwenye kisukari na ile chupa ya manjano

Mama mmoja wa Uru alifungua khanga yake mezani kwangu kliniki, hapa Moshi. Ndani kulikuwa na metformini, glibenklamidi, kopo la unga wa mlonge na chupa ya kapsuli za manjano, kile kiungo cha mchuzi, aliyouziwa stendi. "Hizi za hospitali zinashusha sukari," akanieleza, "na hizi zinalinda ini lisiunguzwe na za hospitali."

Metformini haichakatwi na ini. Inapita mwilini na kutolewa na figo kwa mkojo, ikiwa vilevile ilivyomezwa. Kinacholiumiza ini la mwenye kisukari cha aina ya 2 mara nyingi ni mafuta, na duniani zaidi ya nusu ya wagonjwa hawa wanayo. Mafuta yakijaa, seli za ini huzalisha kemikali kali zinazozichoma zenyewe. Antioksidanti, kama zilizomo kwenye manjano na mlonge, huzipoza kemikali hizo, kwa hiyo wazo la yule mama si la kijinga. Kwa panya wa maabara huwa linafanya kazi vizuri sana.

Kwa binadamu mambo yana mikunjo. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2010 uliwapa watu wenye ini lenye mafuta na uvimbe vitamini E, ambayo nayo ni antioksidanti, uniti 800 kila siku kwa wiki 96, na maini ya wengi yakapata nafuu. Ila wenye kisukari hawakuruhusiwa kushiriki. Mwaka uliofuata, utafiti mwingine ulionyesha kwamba wanaume waliopewa uniti 400 kwa siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi.

Manjano ya kwenye mchuzi sina ugomvi nayo. Kapsuli ni kitu kingine: imekolezwa, mara nyingi ikachanganywa na kiini cha pilipili manga ili iingie kwenye damu kwa wingi, na Italia na Marekani wapo watu waliopata homa ya ini baada ya kuzitumia. Vidonge vya chai ya kijani navyo vimeshawahi kuleta balaa hilohilo. Ukiona macho ya njano au mkojo wa rangi ya chai ya rangi, acha kapsuli uje upimwe. Dawa za sukari usiziache kwa uamuzi wako.

Mlonge ulinitia wasiwasi zaidi. Unaweza kushusha sukari, na glibenklamidi inashusha kwa nguvu. Nilimuuliza kama huwa anatetemeka. "Saa nne hivi, jasho linanitoka, nadhani ni presha." Tulimpima sukari palepale, kipimo kikasoma milimoli 3.4 kwa lita. Chini ya 3.9 ni sukari imeshuka.

Basi ini linalindwa na nini? Uzito. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 6 hadi 9, mafuta na uvimbe wa ini hupungua. Mbege nayo ni pombe, hata ikiwa ya harusi. Na kahawa, ambayo huku tunailima halafu tunakunywa chai: vikombe viwili vitatu bila sukari vimehusishwa na makovu machache kwenye ini, ingawa kuhusishwa si kuthibitishwa.

Yule mama aliweka mlonge kando na manjano akayarudisha jikoni. Siku za kliniki bado anafungua khanga yote mezani, hata majani ya chai.